Siku Mkalimani Alipoweka Maiki Chini

Fungeni Biblia zenu kwanza, wapendwa. Najua wengine mmeshaweka kidole kwenye Mwanzo, maana niliwatangazia wiki iliyopita, lakini fungeni. Nitawaambia wakati wa kufungua. Leo nataka kuanza na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kusema maneno ya wenzake.

Alikuwa mkalimani. Simaanishi wale wa mikutano ya wakubwa, wanaokaa kwenye kijumba cha kioo na kunong'onea watu masikioni. Huyu alikuwa mkalimani wa kanisani, huku nyanda za kati, kwenye vijiji vya mtama na alizeti. Huko vijana wanazungumza Kiswahili vizuri tu, ila wazee wengi bado wanaomba, wanagombana na kulia kwa lugha ya nyumbani. Mhubiri akija kutoka mjini, ni lazima mtu asimame ubavuni pake, alipokee kila neno na kuligeuza, la sivyo nusu ya watu watakuwa wamekuja kuangalia suti.

Na alikuwa hodari, mtu huyo. Mhubiri akipunga mkono, naye anapunga. Mhubiri akishusha sauti, naye anashusha. Kuna mgeni mmoja alipaliwa na maji katikati ya mahubiri akakohoa, na mkalimani wetu, kwa uaminifu wote, akakohoa pia. Watu walicheka mpaka wakasahau somo.

Sasa nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo mfano ulipofungwa. Mkalimani mzuri hasemi, "Mhubiri anasema hivi na hivi." Anasema, "Mimi." Mhubiri akisema, "Mimi nilizaliwa mjini, mama yangu alikuwa akikaanga vitumbua," mkalimani naye anasema bila aibu yoyote kwamba alizaliwa mjini na mama yake alikuwa akikaanga vitumbua. Majirani zake wanamjua tangu yuko tumboni, wanajua mama yake hakuwahi kuonja kitumbua, lakini wanatikisa vichwa na kusema amina. Ndiyo kazi yenyewe. Anamwazima mwenzake mdomo, na mdomo ulioazimwa hauna haki ya kuchagua maneno.

Mnanielewa? Haya.

Mtu huyu alikuwa ameokoka kweli. Alikuwa mzee wa kanisa, anafunga, anaomba, watoto wake wanaimba kwaya. Lakini alikuwa na chumba kimoja moyoni ambacho Bwana Yesu hakuwahi kukaribishwa. Ndani ya chumba hicho alikaa kaka yake.

Walikuwa wa baba mmoja. Kaka yake alikuwa mtoto wa nyumba kubwa, yeye akiwa mtoto wa pekee wa mke mdogo. Baba yao alipofariki, matanga hayajaisha, kaka alisimama mlangoni pa nyumba ya mke mdogo na kumwambia aondoke, hapo si kwake, wala shamba si lake. Yule mama aliondoka asubuhi ile na sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Walihamia kijiji cha ng'ambo ya mbuga, wakaishi kwa watu, na mama akafa huko huko kwa watu, bado akiuliza kama mvua imenyesha nyumbani. Mtoto alikuwa ameshakua vya kutosha kumzika. Pale kaburini akala kiapo kwamba hataongea na kaka yake mpaka naye aingie kaburini.

Na hakuongea. Akawa mtu mzima, akarudi kujenga karibu na nyumbani, akaokoka, akaoa, na bado hakuongea naye. Wakikutana njiani, alitazama mlima. Fikirini, ndugu zangu. Mtu aliyewatafsiria wazee wa tarafa nzima Neno la Mungu kwa lugha ile ya nyumbani, kwa lugha hiyo hiyo hakuwa na neno hata moja kwa mtoto wa baba yake. Salamu tu hakuwa nayo.

Ikaja wiki ya mkutano wa injili kwenye uwanja wa mnada. Walifunga turubai, wakaleta jenereta, wakapanga spika juu ya meza. Mhubiri alikuwa mgeni kabisa, hamjui mtu, hajui nani amemkosea nani. Alikuwa na somo lake moja la wiki nzima: habari za Yusufu. Kila alasiri kipande.

Siku ya kwanza tu, mkalimani akiwa amesimama jukwaani anajaribu maiki, alimwona. Nje ya turubai, juani, mzee alikuwa amekalia gunia la pumba, fimbo ya kuchungia imelala magotini. Kaka yake. Alikuwa amezeeka vibaya, na macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakuwa mtu wa kanisa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi. Mkalimani akageuza uso haraka, akajiambia kwamba mzee amekuja kuuza mbuzi.

Lakini hapakuwa na mnada siku ile.

Mhubiri akaanza. Alieleza jinsi ndugu zake Yusufu walivyomwona akija kwa mbali, wakamvua kanzu, wakamtupa shimoni, kisha wakaketi kula chakula. Mhubiri huyu alipenda kuisema habari kama vile ni yake. "Walinitupa," alisema, "nao wakaketi wakala. Nikawasikia wakitafuna." Na mkalimani wetu akaipokea, akaisema kwa lugha ya nyumbani: walinitupa, nao wakaketi wakala. Aliisema akimtazama mzee wa kwenye gunia. Hakuwahi kutafsiri vizuri namna ile maishani mwake. Akina mama walijifuta macho kwa ncha za khanga. Alipolala usiku ule alijisikia amepona, kumbe alikuwa amelipiza tu, tena kwa kutumia kinywa cha Mungu.

Siku zilizofuata ikawa hivyo hivyo. Waliniuza. Nikalia, hawakunisikia. Nilikaa gerezani, wao wakala sikukuu nyumbani. Kila "mimi" aliyoisema ilikuwa tamu mdomoni. Nasi si ndivyo tulivyo? Tukisoma habari za Yusufu tunaanza kwa kuwa Yusufu. Hakuna anayesoma na kusema, mimi ni yule ndugu aliyeshika kamba. Tunapenda sana kuwa Yusufu, mradi bado yuko shimoni.

Na mzee alirudi kila siku. Gunia lile lile, jua lile lile. Watu wa mapokezi walimletea kiti, akakikataa kwa mkono.

Kisha wakafika pale ambapo ndugu wanakwenda Misri kutafuta chakula, wanasimama mbele ya mkuu wa nchi na hawamtambui. Mhubiri akasema jambo ambalo wengi wetu tumelipita bila kuliona. Alisema Yusufu hakuzungumza nao moja kwa moja. Palikuwa na mkalimani kati yao. Wale ndugu wakaanza kusemezana kwa lugha yao ya nyumbani, wakiungama wao kwa wao habari za shimo na kilio cha mdogo wao, wakidhani mkuu haelewi. Naye alielewa kila neno. Akatoka kando, akalia, akarudi, akamwachia mkalimani aendelee.

Watu wakacheka, wakamnyooshea kidole mkalimani wetu pale jukwaani. Naye akacheka. Lakini alicheka nusu nusu, maana aliyasema maneno yale kwa mdomo wake na mwili ukamsisimka, na hakujua kwa nini.

Basi ikafika siku ya mwisho. Mkalimani aliijua Biblia, hakuhitaji kuambiwa kinachofuata. Toka asubuhi alikuwa hana hamu ya kula. Alijua kwamba kabla jua halijazama, mgeni yule angefika kwenye sura ile, na kwamba angeisema kwa "mimi" kama alivyozisema zote. Akajipanga. Akajiambia kwamba Mungu ni wa rehema, lakini pia ni wa haki, na kwamba hakuna msamaha bila toba. Mstari wa haki ukawa mkononi mwake. Wapendwa, si uongo, mtu huyo alikuwa na andiko. Sisi watu wa Biblia hatukosi andiko. Hata siku ya kumfungia ndugu mlango tunaweza kuufunga kwa andiko.

Alasiri ikafika, turubai likajaa mpaka kamba zikalalamika. Mzee alikuwa kwenye gunia lake. Mhubiri akaeleza jinsi Yusufu alivyoshindwa kujizuia, akaamuru watu wote watoke. Kisha mhubiri akashusha sauti, akafungua mikono kama mtu anayesubiri kukumbatiwa, akasema:

"Mimi ni Yusufu, ndugu yenu, mliyeniuza. Msiogope. Sogeeni kwangu."

Zamu ikawa ya mkalimani. Mikono yake ilibaki chini. Akasema kwa lugha ya nyumbani, haraka haraka, kwamba yule mkuu aliwaambia ndugu zake wakumbuke walichofanya, kwa maana Mungu anaona.

Vijana wanaojua lugha zote mbili wakatazamana. Mama mmoja wa kwaya akaguna. Mhubiri hakuijua lugha ile hata kidogo, lakini alikuwa na masikio. Alikuwa amelisikia jina la Yusufu likirudi kwa kila namna wiki nzima, na hapa, mahali pa kulitaja kuliko pote, halikutajwa. Alidhani ni uchovu. Akamwekea mkono begani.

"Mtumishi," akamwambia taratibu, "sijasikia jina lake. Rudia. Sema, mimi ni Yusufu."

Mkalimani alifungua kinywa mara ya kwanza pakatoka pumzi tu, na spika zikaitangaza pumzi ile uwanja mzima. Alimtazama mzee. Macho ya mzee yalikuwa kwake, yale macho ya ukungu, na ghafla akaona kuwa mzee hakuwa akimtazama. Alikuwa akisikiliza. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, sikio mbele, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Hofu ikamshika mkalimani. Niseme ni hofu gani? Si hofu ya watu. Aliona kwamba wiki nzima alidhani analishika Neno la Mungu mkononi, analirusha anakotaka, na kumbe Neno ndilo lililokuwa limemshika yeye, likimleta kidogo kidogo, siku kwa siku, mpaka hapa. Mgeni asiyelijua hata jina la baba wa mkalimani alikuwa ametumwa kutoka mbali, na sentensi moja iliyoandikwa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, ili isimame mbele yake sasa na kudai kupita kinywani mwake. Wengine waliokuwa karibu walisema baadaye kwamba nao waliogopa, na hawakujua wanachokiogopa.

Akasema. Kwa lugha ya nyumbani, polepole, neno kwa neno.

"Mimi ni Yusufu. Ndugu yenu. Mliyeniuza." Mhubiri akamngoja. "Msiogope. Sogeeni kwangu."

Jenereta tu lilikuwa likinguruma.

Kule nje ya turubai mzee akaiegemea fimbo yake, akainuka. Akaita jina. Hakuita jina la ubatizo ambalo watu wote pale walilijua. Aliita jina alilopewa mkalimani na mama yake siku alipozaliwa, jina ambalo halikuwa limetamkwa na mtu yeyote tangu mama yule azikwe.

"Msengi," alisema. "Najua ni wewe."

Kisha akasema yaliyobaki, kwa lugha ya nyumbani, bila maiki, na watu wakakaa kimya ili yasikike. Alisema ni yeye aliyemtoa yule mama mlangoni akiwa na sufuria kichwani. Hakutumwa na mtu. Alisema shamba lile alilolipigania halikuwahi kumpa usingizi.

"Nilijua hutasema nami," akamalizia. "Nikasikia kuna mkutano na wewe ndiye unayegeuza maneno. Nikasema, basi nitakaa nyuma. Hata kama ni maneno ya mtu mwingine, nitaisikia sauti ya mdogo wangu."

Mhubiri wa mjini, ambaye hakuelewa hata neno moja, akamwinamia mkalimani na kumwuliza, "Amesema nini?"

Mkalimani aliyewatafsiria watu wote, siku hiyo hakumtafsiria mtu. Aliweka maiki chini kwenye mbao za jukwaa, spika zikapiga yowe, watu wakaziba masikio. Akashuka. Akapita katikati ya viti, akapita mapokezi, akatoka nje ya turubai hadi pale juani palipokuwa na gunia, akamshika yule mzee kichwa kwa mikono yote miwili na kukilaza begani kwake. Alichomwambia hakijulikani, maana alikisema kwa sauti yake mwenyewe, chini, na hapakuwa na mkalimani.

Sasa.

Naona nyuso zenu. Naona kila mmoja ameshapata jina la mtu. Dada yule, baba mkwe, mchungaji wa zamani. Mmekaa hapo mnasema, Bwana, nitamsamehe, hata kama inauma. Vema. Nendeni mkasamehe, tena leo. Lakini sikuuleta mfano huu kwa ajili hiyo, na mkitoka hapa na hilo peke yake mtakuwa mmefanya kosa lile lile la mkalimani. Mtakuwa bado mnadhani nyinyi ndio Yusufu.

Sisi si Yusufu, wapendwa. Hatuko jukwaani katika habari hii. Sisi ndio wa kwenye gunia.

Sisi ndio tuliomtoa mlangoni. Alikuja kwake, nasi tukasema hapa si kwako. Tukamvua nguo, tukamtundika, na wengine wetu tukaketi chini pale pale tukipigia kura vazi lake. Kisha tukarudi nyumbani, tukaishi miaka yetu, tukasemezana sisi kwa sisi kwa lugha yetu ya nyumbani, ile ya sirini, ile unayoongea ukiwa peke yako shambani au ukiosha vyombo. Tukadhani huko juu hawaielewi lugha ile. Tukadhani Mungu anaelewa ile ya Jumapili tu, iliyonyooka, yenye "Ewe Baba mwenyezi." Na muda wote huo alikuwa anaelewa kila neno. Kila neno! Hili linanitetemesha, ndugu zangu, kila nikilisoma. Ulipolaani chini kwa chini, alielewa. Ulipoungama gizani ukidhani unajisemea, alielewa. Na yule mkuu wa nchi, mwenye chakula chote mikononi, mwenye haki yote ya kutuacha tufe njaa, alikuwa akitoka kando na kulia.

Zamani Mungu alisema na watu kwa njia ya wakalimani. Huyu nabii, kisha yule. Wengine walitafsiri wakilia, mmoja alikataa akapanda meli kwenda kwingine, maana aliijua rehema ya bosi wake na hakutaka iwafikie watu aliowachukia. Mungu akawavumilia wote. Mpaka ilipofika siku, hakutuma tena mtu wa kusema "mimi" kwa niaba yake. Alikuja mwenyewe. Alishuka, akapita katikati yetu, akatoka nje ya mji, juani, hadi pale tulipokuwa tumekaa na aibu yetu. Na alichokisema alikisema kwa sauti yake mwenyewe, mikono imefunguliwa upande huu na upande huu, imepigiliwa ili isikunjwe tena. Mimi ndiye. Mliyeniuza. Msiogope.

Ni nani huyu? Mbona hakutupa tulichostahili? Mimi nimesoma, nimefundisha, nimewahubiria watu sura hii mara nyingi, na bado nikifika hapa sina maelezo. Nina magoti tu.

Wale ndugu hawakuweza kumjibu, walifadhaika mbele yake. Ndiyo maana sura haikuishia pale. Alipoona wameganda, Yusufu aliwaambia neno moja zaidi, na ndilo ninalowaachia.

Fungueni Biblia zenu sasa. Mwanzo, sura ya arobaini na tano. Tafuteni pale anapowaita wakaribie. Msisubiri niwasomee, leo mimi nimeweka maiki chini. Someni wenyewe, msikie ni sauti ya nani.

Na wewe uliyekaa kule nyuma kabisa, karibu na mlango, uliyekuja kusikiliza tu. Sogea.